Neno lisilo na kipimo ni lumbesa

Mfanyabiashara wa mazao wa mikoa hii ya kati hahitaji kufundishwa hatari ya neno lisilo na kipimo. Ukipatana bei ya "gunia" la mahindi Kibaigwa au "gunia" la vitunguu Singida bila kutaja kilo, umenunua ugomvi. Mwenye mali anahesabu debe sita na kushona. Mnunuzi anataka debe ya saba, kisha kilemba juu ya mdomo wa gunia, na hiyo ndiyo lumbesa. Wote wawili wanasema gunia, na hakuna anayesema uongo. Ndiyo maana Sheria ya Vipimo ikadai mzani. Gunia ni neno tu. Kilo ndiyo kipimo.

Wiki hii tunaziweka kando kidogo bei za alizeti na ufuta ili tuzungumzie lumbesa ya aina nyingine, ambayo mzani wa Wakala wa Vipimo hauwezi kuipima. Nayo ni lumbesa ya maneno katika hataza za mawasiliano.

Ndugu msomaji anaweza kuuliza, hataza zinamhusu nini muuza ufuta? Zinamhusu kwa sababu mtaji mdogo wa Dodoma haulali tena ghalani peke yake. Mwaka 2017 Vodacom Tanzania ilipouza hisa zake kwa umma kwa shilingi 850 kila moja, wananchi wa kawaida walijitokeza kununua. Wapo pia wanaochanga fedha kuwasaidia vijana waliomaliza vyuo na wanaobuni mifumo ya biashara, kama vile mfumo wa kupeleka bei za mnada kwenye simu za wakulima, wa kulipa wanachama wa ushirika, au mzani unaotuma wenyewe uzito wa mzigo ofisini. Anayetafuta fedha za mfumo kama huo huwa na sentensi moja anayoipenda: "Mfumo huu una hataza." Wasikilizaji wakishasikia hivyo hutikisa vichwa na kufungua pochi. Ni wachache wanaouliza hataza hiyo inasema nini.

Hataza ni haki ya pekee anayopewa mvumbuzi kwa muda maalumu, ili mwingine asitumie uvumbuzi wake bila ruhusa. Hapa Tanzania Bara msingi wake ni Sheria ya Usajili wa Hataza Na. 1 ya mwaka 1987, na ofisi inayosajili ni BRELA. Aidha, mvumbuzi anaweza kupitia shirika la kikanda la ARIPO lililoko Harare. Karatasi zenyewe zina sehemu mbili kubwa. Kuna maelezo, ambamo mvumbuzi anasimulia tatizo alilolikuta na namna alivyolitatua. Halafu kuna madai, yaani sentensi zinazotaja hasa kile anachokimiliki. Kwa lugha ya mashamba, maelezo ni historia ya shamba na madai ni mawe ya mpaka.

Sasa sikiliza kinachofanya maneno ya mtandao yabebe mzigo mzito kuliko mengine. Sheria yetu, kama za nchi nyingi, haitoi hataza kwa njia tupu ya kufanya biashara. Huwezi kumiliki wazo la kumlipa mkulima kwa simu. Kwa hiyo mwombaji hulivalisha wazo lake vazi la ufundi, akaandika kituo, kiungo, lango, ujumbe, mtandao. Maneno hayo ndiyo yanayoibeba hataza nzima. Yakiwa hayana maana iliyotajwa, mpaka wa shamba umechorwa kwa kidole juu ya vumbi.

Chukua neno moja tu, mtandao. Ukimwuliza mtu Majengo sokoni, "Unatumia mtandao gani?" atakujibu Vodacom, Airtel au Halotel, yaani kampuni ya simu. Akisema "Nimeiona mtandaoni," anamaanisha intaneti. Karani wa benki akisema "Leo mtandao uko chini," anazungumzia mashine za benki yake. Mtu akibonyeza *150*00# kutuma fedha wakati hana hata senti ya bando, je, ametumia mtandao? Kwa maana ya kwanza ndiyo, kwa maana ya pili hapana. Hebu fikiria sasa hataza inayodai "kifaa kinachotuma malipo kwa njia ya mtandao," na mpinzani wako anatuma malipo kwa nyota na reli bila intaneti. Fedha zako zinaning'inia kwenye tafsiri ya neno ambalo hakuna aliyejisumbua kulieleza.

Wasomaji wasidhani huu ni mchezo wa wanasheria. Kampuni ya VirnetX ya Marekani, ambayo hisa zake zinauzwa sokoni, iliishitaki Apple kwa hataza zinazohusu mawasiliano ya siri kwenye intaneti. Baadhi ya madai yalitaja "kiungo salama cha mawasiliano," na ugomvi ukawa nini maana ya salama. Jaji wa Texas alisema inatosha taarifa zenyewe zilindwe zisisomwe na mtu mwingine. Kwa tafsiri hiyo, mwezi Novemba 2012 baraza la wazee wa mahakama liliipa VirnetX dola milioni 368. Septemba 2014 mahakama ya rufaa ikayafungua maelezo ya hataza na kukuta mvumbuzi anasisitiza mambo mawili: kuficha kinachosemwa, na kuficha nani anazungumza na nani. Ikaamua kuwa neno salama lina yote mawili ndani yake.

Kwa mfano wa hapa kwetu, ukipeleka barua kwa basi kwenda Dar es Salaam ikiwa imefungwa kwa gundi, maneno ya ndani yamelindwa. Lakini kondakta anasoma juu ya bahasha nani kampelekea nani. Je, barua hiyo ni salama? Jaji wa kwanza alisema ndiyo, majaji wa rufaa wakasema bado. Hukumu ya dola milioni 368 ikafutwa, na bei ya hisa za VirnetX ikaporomoka. Kesi iliyofunguliwa 2010 ikaendelea kusikilizwa upya, na ni mwaka 2020 tu ndipo Apple ilipolipa dola milioni 454. Katika kesi nyingine kati ya hao hao, hukumu ya dola milioni 502.8 ya mwaka 2020 ilifutwa 2023 baada ya hataza zilizohusika kuonekana hazikustahili kutolewa. Aliyenunua hisa kwa kusikia tu kuwa "wana hataza" alipanda na kushuka mlima ule bila kujua amebebwa na nini.

Kesi ya pili inamgusa kila mwenye duka. Mwaka 1996 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani iliamua shauri la Markman dhidi ya Westview. Hataza ilihusu mfumo wa kompyuta wa kufuatilia nguo katika maduka ya dobi, na dai lilitaja "hesabu ya mali." Mfumo wa Westview ulifuatilia ankara na fedha, haukufuatilia nguo zenyewe. Je, hesabu ya mali ni lazima iwe hesabu ya nguo zilizomo dukani, au hesabu ya fedha inatosha? Wazee wa baraza walimpa ushindi mwenye hataza, jaji akaukataa. Mahakama ya juu ikasema kutafsiri maneno ya madai ni kazi ya jaji, si ya baraza. Mwenye duka yeyote anajua tofauti ya daftari la mauzo na kuhesabu mali rafuni. Lakini kwa kuwa neno halikuelezwa ndani ya dai, ilibidi ngazi zote za mahakama zipandwe.

Kesi ya tatu ni ya Uingereza, ambako sheria zetu nyingi zilichota misingi. Si ya mtandao bali ya ujenzi, ila ndiyo iliyowafundisha wengi namna ya kusoma. Kampuni ya Catnic ilikuwa na hataza ya linta ya chuma ya kuwekwa juu ya mlango, na dai lilisema bamba lake la nyuma linasimama "wima." Mpinzani alilaza bamba lake kwa nyuzi 6 hadi 8 kisha akasema langu si wima. Kwa timazi ya fundi, kweli halikuwa wima kamili. Lakini Lord Diplock alisema dai lisomwe kama atakavyolielewa mtu wa kazi hiyo. Je, fundi anayejua linta inafanya nini angedhani mvumbuzi alitaka kumwachia kila anayeinamisha bamba kidogo? Jibu likawa hapana, na mpinzani akashindwa. Uamuzi huo ulichapishwa katika taarifa za kesi za mwaka 1982.

Msomaji makini ataona kitu hapa. Waingereza walilipanua neno wima, Wamarekani wakalibana neno salama. Inaonekana kama wanapingana, lakini hawapingani. Wote waliuliza swali moja: mvumbuzi aliliweka neno hili hapa ili litatue tatizo gani? Jibu walilitafuta kwanza ndani ya karatasi za hataza, kisha katika uelewa wa watu wa fani hiyo. Kamusi ya dukani huja mwisho, tena kwa tahadhari.

Aidha, uelewa unaotafutwa ni wa wakati ombi lilipopelekwa, si wa leo, na kwa mambo ya mawasiliano hilo ni kubwa. Tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, mwaka 2010 iliita intaneti ya kasi ile yenye megabiti 4 kwa sekunde za kupakua. Mwaka 2015 ikataka 25, na mwaka 2024 ikataka 100. Neno ni lile lile, kipimo kimepanda mara 25 katika miaka 14. Hataza iliyoombwa 2010 ikisema "kasi" bila namba haiwezi kusomwa kwa rula ya 2024.

Tuilete hesabu hii nyumbani kwa mfano wa kubuni. Tuseme kijana wa Dodoma ana hataza ya mzani wa ghala, na dai lake linasema mzani "umeunganishwa moja kwa moja na kituo cha kupokea taarifa." Mpinzani anatengeneza mzani unaotuma uzito kwa ujumbe mfupi wa simu, ujumbe ukipitia mnara, kampuni ya simu na kampuni ya kati inayosambaza ujumbe. Je, hapo kuna moja kwa moja? Mwanafunzi wa fizikia atasema hakuna. Lakini abiria wa basi la moja kwa moja la Dodoma kwenda Dar es Salaam hashangai basi likisimama Morogoro watu wale. Kwake ni moja kwa moja kwa sababu habadilishi gari.

Jibu limo ndani ya maelezo. Kama kijana ameandika kuwa tatizo lilikuwa karani anayebadilisha uzito kabla haujafika ofisini, basi moja kwa moja maana yake ni bila mkono wa mtu. Minara na kampuni za simu ni Morogoro tu, na mpinzani yumo ndani ya mpaka. Lakini kama ameandika kuwa tatizo lilikuwa gharama za kampuni ya kati, maana inageuka. Mpinzani anayepitia kampuni ya kati yuko nje ya shamba, na hataza uliyoichangia haiwezi kumzuia. Neno moja, majibu mawili, na tofauti yake ni mtaji wako wote. Kama maelezo hayasemi lolote, basi umenunua gunia bila mzani.

Msimamo wetu ni huu. Neno likiachwa bila maana, hasara ya utata imwangukie aliyeliandika, si mfanyabiashara aliyesoma hataza kwa nia njema ili ajue wapi asikanyage. Mwenye hataza ndiye aliyeshika kalamu, na ndiye aliyepewa na dola haki ya kuwazuia wengine. Mwenye kupewa uzio ana wajibu wa kuonyesha nguzo zake. Mahakama Kuu yetu ikiletewa shauri la namna hii, isimruhusu mtu kulibana neno anapoomba hataza ili apite, kisha kulipanua anapodai fidia.

Wavumbuzi wana hoja yao, na si ndogo. Wanasema: ukieleza kila neno, unamwonyesha mpinzani mlango wa kutokea. Ukisema mzani wa kilo 100, yeye atatengeneza wa kilo 101. Tena lugha ya mawasiliano hubadilika haraka, na hakuna anayeweza kutabiri kifaa cha kesho. Ni kweli. Lakini kueleza neno si lazima kulibana. Mvumbuzi anaweza kusema neno linafanya kazi gani, akatoa mifano mitatu au minne, na akaandika wazi kuwa mifano hiyo si mwisho. Andika kwamba mtandao ni njia yoyote ya kupitisha taarifa kati ya vifaa viwili, iwe intaneti, ujumbe mfupi au menyu ya nyota na reli, na ugomvi tuliotaja hapo juu umekwisha kabla haujaanza. Kinyume chake, utata nao una hatari. Mwaka 2014, katika kesi ya Nautilus, Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilisema dai lisilompa mtu wa fani uhakika wa kutosha kuhusu mipaka yake halifai kitu. Mwenye hataza yule aliponea kesi iliporudishwa chini na kuamuliwa mwaka 2015, lakini kipimo kimebaki pale pale.

Liko jambo jingine linalotuhusu Watanzania zaidi. Hukumu za Marekani na Uingereza hazizifungi mahakama zetu, ila mawakili watazitaja. Na tangu mwaka 2021, Bunge likiwa hapa hapa Dodoma, sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Ni hatua ya heshima. Lakini karatasi za hataza zinaandikwa kwa Kiingereza. Siku neno la Kiingereza lenye maana moja litakapogeuzwa kuwa mtandao lenye maana tatu, mfasiri atakuwa amelitafsiri dai kabla ya jaji kulisikia. Inafaa TCRA, BRELA na BAKITA wakae pamoja wakubaliane orodha ya maneno ya mawasiliano na maana zake, mapema, kabla kesi ya kwanza kubwa haijawalazimisha.

Wakati tunasubiri hilo, mwenye mtaji afanye ya kwake. Ukiambiwa mfumo una hataza, omba namba yake na uulize imesajiliwa wapi. Hataza ya Marekani pekee haimzuii mtu kufanya kazi ile ile Kibaigwa, na Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2008. Uliza pia kama ada za kila mwaka zimelipwa. Kisha soma dai la kwanza ukiwa na kalamu mkononi. Kila neno la mtandao lizungushie duara, halafu litafute ndani ya maelezo. Usipoliona likielezwa, mwulize mvumbuzi mwenyewe analielewaje, na jibu lake liandikwe katika mkataba wenu likiwa na sahihi yake. Weka na kifungu kwamba mahakama ikilitafsiri vinginevyo, malipo yako yatapungua au kurudi. Mwaminifu hatakataa, na anayekataa amekupa taarifa ya bure.

Kazi hiyo haimalizi nusu siku. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hataza ni daftari la mwenye uvumbuzi. Ukilikuta limejaa maneno yasiyo na kipimo, fanya kama ufanyavyo mbele ya gunia lenye kilemba: usibishane na mwenye mali, mwambie alete mzani kwanza, ndipo mzungumze bei.